Limeiva, Shemeji

Jumanne, 4 Juni

Baba amemng'oa mtu jino leo. Mchana kweupe, mbele ya lango la kituo cha umeme, na mimi nimesimama pale na chakula chake mkononi kama mlingoti.

Walimu walikuwa na mkutano, tukaruhusiwa mapema, Mama akanituma. Nilipofika, lori la tope lilikuwa limeshamwaga na kazi imesimama. Parafujo—ile nguzo ya chuma iliyojisokota inayosukuma tope mpaka tanurini—ilikuwa imekatika vipande viwili. Ndani ya tope kulikuwa na mawe. Mawe! Baba aliokota moja, akamwonyesha dereva, huyu tunayemwita Honi kwa sababu hanyamazi. Honi akacheka. Akasema tope ni tope, mzee, ulitaka tukuchambulie kama mchele?

Ngumi moja. Sikuiona ikienda, niliiona ikirudi. Honi akatema damu, kisha akatema jino, kisha akainama kulitafuta mchangani kama mtu aliyeangusha pete.

Wanaume wa tanuru wakashangilia. Mimi nilimwaga mchuzi kwenye viatu vyangu.

Halafu Mjomba akaja na pikipiki. Mjomba ni kaka yake Mama, na kazi yake ni upande wa pili, kule kwenye mabwawa yanakoishia maji ya vyoo vya mji mzima. Wao wanalitoa tope, wanalianika, wanalileta. Baba na wenzake wanalichoma pamoja na makaa ya mawe na vumbi la mbao, mvuke unazungusha mashine, taa zinawaka. Hata hii ninayoandikia. Nikiliwaza sana jambo hilo nashindwa kusoma.

Nilidhani watapigana. Mjomba akamshika Honi kidevu, akachungulia, akasema, "Shemeji, meno ya dereva wangu ni mali ya kampuni!"

"Basi mwambie atafune mawe yake."

"Ngoja. Nitakuletea mzigo mpaka tanuru lako liharishe!"

Kicheko! Wote walicheka, hata Honi na mdomo wake mwekundu. Baba alicheka kuliko wote. Hawa mashemeji ndivyo walivyo, wanatukanana kama wengine wanavyosalimiana. Mama anasema siku ya harusi Mjomba alimfungia Baba bafuni mpaka aimbe.

Lakini kale kasauti ka jino kwenye changarawe. Bado nakasikia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempiga mtu. MIMI.

Ni yule mtoto wa mwenye duka la dawa, anayekaa nyuma yangu. Tangu mwaka uanze ananiita Choo. "Choo, nisogezee dawati." "Choo, baba yako leo kapika nini?" Kawaida nanyamaza. Leo alinusa nywele zangu, akajifanya anazimia, darasa zima likacheka. Nilikuwa na kamusi mkononi, ile kubwa ya maktaba. Niligeuka nikampiga nayo usoni. Pua ikapasuka. Damu iliruka mpaka kwenye herufi M.

Sikusema neno. Nadhani hilo ndilo lililowatisha.

Viboko, mbele ya wote. Mikono imevimba, ndiyo maana mwandiko huu kama wa kuku. Mwalimu wa zamu alisema kinachomsikitisha zaidi ni kitabu.

Mjomba ndiye aliyekuja kunichukua, Mama alikuwa kazini. Alitazama viganja vyangu, akasema, "Basi na wewe umeanza mambo ya ukoo!" Akanipitisha mabwawani nikaone cheo chake kipya. Mzee aliyekuwa akisimamia vitanda amestaafu mwisho wa mwezi uliopita—yule babu wa zamani, aliyewahi kuwa mtu wa tanuru kabla hajahamia huko. Sasa Mjomba ndiye anayeamua kitanda kipi kipakiwe. Vitanda ni viwanja vya mchanga vyenye kuta fupi, tope linalazwa juu yake. Linalala kuliko mimi, anasema.

Nilidhani nitatapika. Kumbe! Bwawa la kwanza linanuka mpaka macho yanatoa machozi, lakini kule mwisho, kwenye vitanda, hakuna kitu. Harufu ya udongo baada ya mvua tu. Mjomba alichota kidogo, akanisogezea puani kama mtu anayenionjesha asali. "Nusa. Usiogope. Hakuna harufu, hakuna funza, halinati kidoleni. Hili limeiva."

Nikalinusa kweli. Ananifanya nisione aibu, Mjomba. Hakuna mwingine anayeweza.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua jana. Haikuwa msimu wake, ikapiga bati mpaka alfajiri.

Kaka amekuwa akiniita "Bingwa" tangu Alhamisi. Anapita anajikinga uso, "Usinipige, bingwa, nina mchumba!" Hana mchumba. Ana ndevu kumi na ovaroli moja ya tanuruni. Amenipa zawadi: kipande cha tope kavu, cha kijivu, kama bamba la chokaa. Akakivunja mbele yangu—kah!—kama kijiti. Nusu yangu, nusu yake.

"Hilo limeiva," Baba akasema bila kuinua kichwa. "Lisipolia hivyo halijaiva."

Alikuwa uani, anaichomelea parafujo, mikono imejaa grisi. Haitakuwa tayari Jumatatu. Watalisha kwa mkono, kupitia mlango wa tanuru, kwa toroli na beleshi. Kaka anafurahi kwa sababu vijana ndio watakaolisha, wazee watakaa. Baba akamkumbusha kanuni yake, ile anayoirudia kama sala: makaa ni baba, mbao ni mama, tope ni mtoto. Mtoto akizidi, nyumba haina amani. Kaka akamwambia, "Kama hapa kwetu." Akatupiwa tambara.

Simu ikalia. Mjomba. Baba akaniita niishike sikioni kwake, kwa ajili ya grisi.

"Shemeji, kitanda cha mwisho vipi? Limeiva?"

"Limeiva! Limeiva kabisa."

"Na mvua hii?"

"Mvua inahusu nini? Limeiva, shemeji, nakwambia. Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha adabu. Leta basi Jumatatu, bila mawe."

Wakatukanana kidogo badala ya kuagana. Mkono wangu ulichoka. Jioni nilisoma mpaka macho yakauma.

Jumatatu, 10 Juni

Kaka ameungua. Uso, kifua, mikono.

Sijui zaidi. Mama ameenda hospitali bila viatu. Nimekaa na viatu vyake mapajani.

Siwezi.

Jumanne, 11 Juni

Kibonge ametueleza. Ndiye aliyekuwa zamu moja na Kaka. Alikaa jikoni kwetu, mtu mzima mwenye mwili kama kabati, analia mpaka kikombe kinagonga meno.

Anasema Kaka alifungua mlango wa tanuru. Moto ulikuwa mzuri, mweupe. Badala ya kutia kwa beleshi kidogo kidogo, akainua toroli zima akamwaga kwa mpigo. Alitaka awahi chai. Vipande vilikuwa vikavu, Kibonge anaapa, vya kijivu kabisa kwa nje. Vilipoangukia makaa vikapasuka, na ndani vilikuwa vibichi kama unga uliokandwa. Maji! Maji ndani ya moto ule. Yaligeuka mvuke papo hapo, na mvuke haukuwa na pa kwenda ila mlangoni, na mlangoni alikuwa Kaka.

Sauti haikuwa kama bomu, anasema. Ilikuwa kama ng'ombe mkubwa anayekohoa. Tanuru likatapika makaa na majivu mekundu.

Kaka hakupiga kelele. Alikaa chini, taratibu, kama mtu aliyechoka. Ovaroli inawaka. Baba alimrukia akamzima kwa viganja vyake, anapiga, anapiga, Kibonge anasema ungedhani anamwadhibu. Alipoondoa mkono kichwani pa Kaka, nywele zilikuja nao.

Baba alikuwa amekaa hapohapo jikoni, mikono yote miwili imefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye vifundo. Anasikiliza kama ni habari ya mtu mwingine.

Kisha Kibonge akasema. Laiti asingesema.

"Si alitamka mwenyewe? Si sote tulimsikia pale langoni? Nitaleta mzigo mpaka tanuru liharishe!"

Mama alisema ule ulikuwa utani. Sauti yake ndogo. Baba akauliza nani alipakia lile lori. Kibonge akamtazama Mama, akatazama kikombe, akasema, "Shemeji yako. Kitanda alikichagua yeye."

Baba akinyamaza ni kama bia ya moto, usiitikise. (Sijui kama usemi huo upo. Ni wa Kaka.)

Jumatano, 12 Juni

Nimeona. Nitaandika yote haraka kisha nifunge.

Asubuhi walikuja wanaume wa tanuru, wote, hata wa zamu ya usiku ambao hawakuwa wamelala. Mitaimbo. Reki za chuma za kukokotea majivu. Baba akavaa shati la kazi. Mama alimshika mgongoni, shati likachanika lote, akaenda hivyohivyo na shati limepasuka. Mama akanigeukia, "Kimbia! Mzuie baba yako!"

Mimi! Mimi ambaye darasani wakiita jina naitika kwa kuinua kidole!

Nilikimbia. Niliwakuta wameshaingia mabwawani. Honi alikuwa wa kwanza, akapigwa reki begani, akaanguka chali juu ya kitanda cha tope, wakampita kwa kumkanyaga. Watu wa mabwawa walitoka na mipira ya maji na fito ndefu za kuzibulia. Mmoja alipigwa mpaka sikio likaning'inia. Kibonge, aliyekuwa analia jana, alikuwa anapiga huku analia vilevile. Niliona mtu anang'ata mkono wa mwenzake. Wote wananuka, wote wana rangi moja, huwezi kujua nani wa moto na nani wa maji.

Mjomba hakukimbia. Alisimama ukingoni mwa bwawa la kwanza, mikono mitupu. Baba alimfikia, na Mjomba akauliza—nilisikia, nilikuwa nimeshika seng'enge—"Shemeji, mtoto anaendeleaje?"

Baba akauzungusha mtaimbo.

Mkono wa Mjomba ulilia kah! Kama kijiti. Sauti ileile. Nilijua ni mfupa kabla sijaona.

Kisha akamsukuma bwawani. Lile linalonuka. Akazama mpaka shingoni, mkono mmoja haufanyi kazi, na badala ya kuomba msaada alikuwa anapiga kelele: "Nilikwambia limeiva! Nilikwambia limeiva!"

Baba aligeuka nyuma na uso ambao siujui. Akasema, "Bado ananicheka. Mnamsikia? Mwanangu hana ngozi na yeye ananicheka." Angemrukia humohumo. Ilibidi Kibonge na wengine wambebe.

Watu wake walimvuta Mjomba kwa fito. Mdomo wangu ulikuwa wazi muda wote. Hakuna kilichotoka.

Injinia wa kampuni alikuja baadaye na kofia yake safi, akasema hili litachunguzwa. Akaondoka akiwa ameziba pua.

Alhamisi, 13 Juni

Wamelipiza.

Tulikuwa mezani. Honi ya lori, ndefu, bila kukatika, kama mnyama aliyebanwa mlangoni. Kisha mlango wetu ukajaa. Sijui nieleze vipi. Walirudisha nyuma lile gari la kunyonya vyoo mpaka kizingitini, wakafungua mpira. Bwawa la kwanza, si lile la mwisho. Likapita chini ya mlango, likafika jikoni, likabeba ndala za Kaka. Kisha mawe. Dirisha la chumba changu limekwisha lote, kigae kimoja kilisimama wima kwenye mto wangu, pale ninapoweka shavu.

Baba alitoka na mtaimbo, akavunja taa za gari, akavunja kioo, akamvuta mtu kupitia dirishani. Alimpiga na ile mikono ya bandeji. Bandeji zikawa nyekundu, sijui damu ya nani. Gari likatoroka na mpira unaburura nyuma, unatapika njia nzima.

Mama alichukua beleshi akaanza kukokota. Hakuziba hata pua. Baada ya muda alisema, bila kusimama:

"Huyo uliyemvunja mkono ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua. Mpaka zahanati. Alikuwa na miaka tisa."

Baba akajibu, "Na huyo aliyeungua nilimbeba mimi. Jumatatu."

Beleshi. Beleshi. Beleshi.

Fundi amegongomea mbao dirishani pangu. Mchana chumba ni kama sanduku.

Ijumaa, 14 Juni

Shuleni hawaniiti tena Choo. Hawaniiti kabisa.

Jumapili, 16 Juni



Tulikuwa wodini. Kaka amefungwa kote isipokuwa jicho moja, midomo, na nyuma ya mkono wa kushoto ambako hakuungua sana. Pale kuna lengelenge kubwa, limejaa maji, linang'aa. Mama hawezi kuvumilia kuliona, limemkera tangu juzi. Akachomoa pini kichwani, akataka kulitumbua.

Nesi akamshika mkono. "Acha, mama. Hilo halijaiva."

Halijaiva.

Nilijiona kama niliyepigwa kofi. Nikamtazama Mama, nikamtazama nesi, hakuna aliyesikia alichosema nesi ila mimi. Halijaiva! Lengelenge halijaiva. Embe limeiva. Wali umeiva. Njama imeiva. Neno moja, na kila mtu anadhani lake ndilo neno lenyewe.

Baba: limeiva ni kavu. Lilie kah.

Mjomba: limeiva ni lisilonuka. Hakuna funza, halinati kidoleni. Alinisogezea puani kwa mkono wake! Lilikuwa baridi, lilikuwa na unyevu, nililigusa kwa pua yangu mwenyewe na likaniacha na doa. Na akaniambia hilo limeiva.

Yule babu aliyestaafu alikuwa mtu wa tanuru zamani. Ndiyo maana. Yeye na Baba walikuwa na limeiva moja. Amestaafu na limeiva lake!

"Mvua inahusu nini?" Mjomba aliuliza kwenye simu. Haikuwa kiburi. Hakuona mvua inahusu nini, kwa sababu tope lililoiva kwake haliwi bichi tena hata ulitie mtoni. Na kule bwawani, amezama mpaka shingoni, hakuwa anamcheka Baba. Alikuwa anamjibu.

Mama alipotoka kwenda kuchota maji nilimwambia Kaka. Nilinong'ona karibu na bandeji, yote, kwa fujo, nikarudia mara mbili. Jicho lake lilinitazama muda mrefu. Nikadhani hakuelewa. Kisha midomo ile, imepasukapasuka, ikatafuta herufi.

"Mwambie."

Nikasema mwambie wewe, atakusikiliza wewe. Akafumba jicho. Nadhani alikuwa anacheka.

"Bingwa," akasema.

Jumatatu, 17 Juni

Nimejaribu asubuhi. Baba alikuwa anakunywa chai kwa kushika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Nikasema, "Baba." Akasema, "Sema." Nikasema, "Sukari imekwisha."

Nimejaribu tena jioni. Alikuwa uani, amekaa juu ya ndoo, anazungushia tambara kwenye mtaimbo, upande wa kushikia. Kwa ajili ya vidonda vyake. Anaufunga vizuri, kwa uvumilivu, kama mtu anayemfunga mtoto nepi. Nikasimama pale mpaka akaniuliza kama nimetumwa.

Nikamwambia Mama badala yake. Alikuwa anafua shuka za hospitali. Alisikiliza, akasema, "Kumbe," kisha akalia, kisha akasema Baba hatalisikia hilo kutoka kwake. Yeye ni dada wa mtu. Chochote atakachosema ni cha dada.

Halafu akaniambia la pili. Kesho Mjomba anakuja. Alimpelekea ujumbe kupitia mke wake walipokutana sokoni, aje kutupa pole, saa ambayo Baba atakuwa zamu, kisha waende pamoja kumwona Kaka. Hawezi kukaa hivi, anasema. Damu yake imegawanyika vyumba viwili.

Baba hayuko zamu kesho. Amebadilishana na Kibonge. Nilisikia mwenyewe, dirishani, kupitia ufa wa mbao. Kibonge alimwambia jamaa anakuja, watu wa mabwawa wanaongea, na Baba akasema, "Vizuri. Aje. Alitaka tanuru liharishe, kesho nitamlisha yeye tuone."

Nilimwambia Mama. Akampigia Mjomba. Simu yake haipatikani, imebaki bwawani. Mke wake hapokei, tangu ule mkono uvunjike hapokei namba yetu. Mama anasema ataamkia kwao.

Jumanne, 18 Juni

Niko chumbani. Nimefungiwa. Naandika kwa mwanga wa ufa.

Asubuhi walipiga simu kutoka hospitali, Kaka ana homa kali, Mama akakimbilia huko. Hakufika kwa Mjomba. Nilitaka niende mimi, lakini Baba alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha jikoni. Mtaimbo mapajani. Hakunikataza. Alisema tu, "Leo hakuna kutoka."

Nikarudi jikoni. Nikanawa uso. Nikasimama mbele yake.

Na nikasema! Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema, "Baba, Mjomba hakukusudia. Limeiva lake si limeiva lako." Nikamweleza lengelenge, embe, babu wa vitanda, tope puani. Nilikuwa nasema haraka na vibaya, nikakwama kwenye neno "unyevu," nikaanza upya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani nimeshinda.

Akanipiga kofi. Baba hajawahi kunipiga. Bandeji ni ngumu, imekauka, ilinikwangua shavu, na nadhani ilimuuma yeye kuliko mimi kwa sababu alitoa mlio.

"Mwanangu—kaka yako amelala kule hana uso. Na wewe unaniletea kamusi!"

Akanikamata kola, akanisukuma humu, ufunguo ukazunguka. Nikapiga mlango kwa ngumi. Nikapiga kelele kwenye tundu la ufunguo, mimi, mpaka majirani wamesikia: "Mwulize! Kabla hujampiga mwulize limeiva maana yake nini! Mwulize tu!"

Kiti kimelia. Amekaa tena.

Sasa ni mchana. Shavu linapwita. Nimeweka kile kipande cha tope alichonipa Kaka juu ya karatasi ili zisipeperuke, kuna upepo unaoingia kwenye mbao.

Pikipiki.

Si yake, ni ya kukodi, yake hawezi kuiendesha kwa mkono mmoja. Inasimama. Inaondoka. Amebaki peke yake nje.

"Hodi."

Ni yeye. Baba hajibu.

Nimepiga kelele, "Mjomba, rudi!" Sauti yangu imekwisha. Imetoka kama ya kuku aliyekanyagwa. Nimeitumia yote asubuhi.

"Hodi wenyewe."

Naona kupitia ufa bega lake tu na kitambaa kinachoning'iniza mkono. Kitambaa cha mke wake, kile cha maua. Ana mfuko. Machungwa, nadhani. Ameleta machungwa.

"Hodi." Ya tatu. Mtu hapigi hodi ya nne. Ondoka, Mjomba. Geuka uondoke.

"Karibu," Baba amesema.

Mlango wa mbele. Hatua. Sasa siwaoni, nimeweka sikio mlangoni na daftari ukutani, maneno yanapanda juu.

Mjomba anasema, "Shemeji." Tu. Sauti ya mtu aliyeuona mtaimbo. Mfuko umeanguka, moja limebingirika, nalisikia linagonga mlango wangu.

Baba anapumua. Tambara linakwaruza chuma. Ameuinua. Najua ameuinua.

Hakuna kitu.

Hakuna kitu.

Baba anasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma herufi asizozizoea:

"Kabla sijafanya ninachofanya. Wewe ukisema limeiva—unamaanisha nini?"

Mjomba: "Nini?"

"Nimekuuliza!"

"Limeiva... limeiva, shemeji. Harufu imekwisha. Funza wamekwisha. Ukilishika halinati."

"Na maji?"

"Maji?"

"Maji yaliyomo ndani!"

"Maji si ndiyo kazi ya moto?" Mjomba anauliza. Anauliza kweli. "Shemeji, maji si ndiyo kazi yenu?"

Sisikii pumzi ya mtu yeyote.

Nangojea chuma kianguke sakafuni. Kinatakiwa kulia, sakafu yetu ni saruji, hakiwezi kuanguka nisisikie.

Bado.